Kati ya Kusema na Kuimba

Nilikuwa na miaka 11 nilipotumwa kupeleka habari ya msiba. Bibi yangu mzaa mama alifariki usiku, mjini Pangani, na alfajiri watu wazima wakagawana njia: mjomba akaenda kushughulikia sanda, kaka akatumwa Mwera, na mimi, kwa kuwa hapakubaki mwingine wa kutumwa, nikaambiwa nivuke mto niende Bweni nikamwambie bibi mdogo kwamba dada yake katutoka. Simu za mkononi zilikuwa bado. Nikapanda mtumbwi wa kwanza. Mwenye mtumbwi akaniuliza, "Kwema?" Nikajibu, "Kwema."

Bibi mdogo nilimkuta amekaa kwenye kibao mbele ya jiko, anapika vitumbua. Shikamoo bibi. Marahaba mjukuu wangu, kwema huko? Kwema. Bibi yako hajambo? Hajambo. Ndivyo tulivyofunzwa: salamu hujibiwa kwa wema kwanza, na kama kuna baya, hufuata nyuma likitanguliwa na neno "ila". Siku ile hiyo "ila" ilinikwama kooni. Akaweka chini kijiti chake cha kugeuzia, akanitazama. "Sema, mwanangu." Nikasema. Lakini sauti iliyonitoka haikuwa ya kusema. Ilipanda, ikashuka, ikalivuta neno moja mpaka pumzi ikaniishia, na wala nilikuwa sijaanza kulia. Bibi mdogo hakupiga ukelele. Aliinuka, akachota maji mtungini, akanipa kata, akasimama kunisubiri mpaka nikamaliza kunywa. Ndipo akakaa chini, mchangani, akajishika kichwa.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu miaka mingi baadaye niliiona tena, usiku, kwenye kompyuta, Magomeni. Mpaka siku hiyo opera kwangu ilikuwa zile sauti za redioni ambazo baba alizipita haraka akitafuta taarifa ya habari. Rafiki yangu aliyesomea muziki alinitumia video ya opera ya Claudio Monteverdi iitwayo L'Orfeo, akaniandikia: vumilia mpaka sehemu ya pili, usiache kabla.

Sehemu ya pili inaanza kwa arusi. Orfeo, mwimbaji ambaye hata mawe na miti humsikiliza, amemwoa Euridice, na wachungaji wanamshangilia. Ghafla anaingia mwanamke mmoja, Silvia, rafiki wa biarusi. Ala za shangwe zinanyamaza. Kinabaki kinanda kidogo cha mabomba ya mbao na ala moja ya nyuzi yenye shingo ndefu. Wachungaji wanamuuliza kuna nini. Hasemi. Anazunguka. Anajitaja kwamba yeye ni mjumbe mwenye bahati mbaya, mwenye kuleta habari mbaya kuliko bahati yake. "Euridice wako mzuri..." anaanza, kisha anakwama. Orfeo anasema, ole wangu, nasikia nini? Ndipo linapotoka: mke wako mpenzi amekufa. Na Orfeo, mwimbaji mkubwa kuliko wote wa hadithi za Wagiriki, anajibu kwa neno moja tu, "Ohimè", ole wangu, kisha ananyamaza muda mrefu huku yule mwanamke akisimulia jinsi Euridice alivyokuwa akichuma maua na nyoka akamgonga mguuni.

Nikasimamisha video. Yule mwanamke alikuwa amevuka mto Pangani.

Tangu usiku ule nimekuwa nikisoma na kusikiliza chochote ninachopata kuhusu sanaa hii, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba sisi tuliolelewa kwa tenzi tunayo njia fupi ya kuielewa, njia ambayo hatujaambiwa kuwa tunayo.

Neno lenyewe, opera, ni la Kiitaliano na maana yake ni "kazi" tu. Kazi ya nini? Ya kila kitu kwa pamoja: shairi, muziki, uigizaji, michoro, mavazi, taa, wakati mwingine ngoma. Lakini mchezo wa kuigiza wenye nyimbo ndani yake ulikuwapo duniani kote tangu zamani. Kinachoifanya opera kuwa opera ni kwamba, katika umbo lake la asili, watu hawaachi kuimba ili waseme. Hata mtu akiomba kiti, akisoma barua, akiuliza saa ngapi, anaimba. Kwa wengi hilo ndilo linalowafukuza. Kwangu hilo ndilo swali lenyewe: nani aliwaza jambo hilo, na kwa nini?

Waliowaza walikuwa na nia nyingine kabisa. Walitaka kufufua kitu kilichokufa, wakazaa kitu kipya. Katika miaka ya 1570 na 1580, mjini Firenze, bwana mmoja wa ukoo mkubwa, Giovanni de' Bardi, alikuwa akikusanya nyumbani kwake washairi, wanamuziki na wasomi kuzungumza. Mmoja wao alikuwa Vincenzo Galilei, mpiga luti, ala ambayo ni mtoto wa udi wa Waarabu, na baba wa yule Galileo aliyeelekeza darubini mbinguni. Mwaka 1581 Vincenzo alichapisha kitabu cha malalamiko. Muziki wa wakati wake, alisema, umeyaua maneno. Sauti nne, tano, sita zinaimba kwa pamoja, kila moja imeshika njia yake, huyu yuko kwenye neno la kwanza na yule yuko kwenye la tatu, na msikilizaji anabaki na utamu wa masikioni bila kujua aliyeandika shairi alikuwa na uchungu au furaha. Wagiriki wa kale, waliamini Vincenzo na wenzake, hawakufanya hivyo. Msomi Girolamo Mei aliwaandikia barua kutoka Roma kuwaeleza kwamba tamthilia za Kigiriki ziliimbwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, sauti moja kwa wakati, maneno yakisikika. Leo wasomi wengi wanaona kwamba ni sehemu tu za tamthilia zile zilizoimbwa. Kwa hiyo sanaa nzima ilijengwa juu ya kosa la usomaji, na sijui kosa lingine lililozaa mema mengi kiasi hicho.

Mwaka 1598 Jacopo Peri, mwimbaji na mtunzi, akishirikiana na mshairi Ottavio Rinuccini, alionyesha Dafne nyumbani kwa tajiri Jacopo Corsi. Hiyo huhesabiwa opera ya kwanza, na muziki wake karibu wote umepotea. Iliyobaki kamili ni ya pili yao, Euridice, iliyoonyeshwa tarehe 6 Oktoba 1600 katika jumba la Pitti, kwenye sherehe za arusi ya Maria de' Medici na Mfalme Henry IV wa Ufaransa. Peri mwenyewe aliimba nafasi ya Orfeo. Na katika utangulizi wa chapisho lake alieleza alichokuwa akikitafuta: namna ya kutoa sauti ambayo imepita usemi wa kawaida lakini haijafika kwenye wimbo, kitu kilicho katikati.

Niliposoma maneno hayo nilicheka peke yangu kwa furaha. Kitu kilicho katikati! Bibi yangu, huyohuyo aliyefariki usiku ule, alikuwa na daftari la tenzi alilonakili mwenyewe kwa hati za Kiarabu, na jioni alikuwa akitughania. Hatusemi bibi alisoma, wala hatusemi aliimba. Alighani. Mizani 8 katika kila kipande, vipande vinne katika kila ubeti, na sauti inayopanda kidogo, inayotulia, inayongoja kina cha mwisho kama mtu anayengoja wimbi lirudi ndipo aweke mguu. Kila neno lilisikika. Ukimkatiza kumuuliza maana, alijibu kwa sauti ya kusema, kisha akarudi kwenye ile nyingine, na hata mtoto aliujua mpaka kati ya sauti hizo mbili. Waitaliano waliiita yao resitativo, na vitabu hupoteza kurasa nzima kuieleza. Msomaji wa Kiswahili anahitaji neno moja. Resitativo ni kughani. Mambo yanapokwenda, habari zinapoletwa, watu wanapogombana, wanaghani. Jambo likijaa moyoni mpaka halina pa kwenda, saa inasimama, na mtu anaimba. Hapo ndipo penye aria. Ukilishika hilo umeishika opera ya karibu miaka 250 ya mwanzo.

Utagundua pia kwamba watu wa mwanzo walimrudia Orfeo tena na tena. Nadhani sababu ni kuona haya. Mtu kusimama jukwaani akaimba badala ya kusema lilikuwa jambo geni mno, kwa hiyo walichagua mtu ambaye kazi yake ni kuimba, ili asiwepo wa kuuliza mbona anaimba. Sanaa ilikuwa mtoto mchanga, ikajificha nyuma ya mwimbaji.

Monteverdi ndiye aliyeitoa mafichoni. L'Orfeo yake ilionyeshwa tarehe 24 Februari 1607 katika jumba la watawala wa Mantua, ukoo wa Gonzaga, kwa shairi la Alessandro Striggio. Alikuwa na ala nyingi kuliko wale wa Firenze na alijua kuzipa kila moja mahali pake: ogani ndogo na nyuzi kwa mjumbe, tarumbeta za shaba na kinanda chenye sauti ya kukwaruza kwa kuzimu. Orfeo anashuka kumdai mkewe. Kwenye mto wa wafu anamkuta Caronte, mwenye mtumbwi, anamwimbia wimbo mgumu kuliko yote iliyomo, wimbo wenye mapambo ya sauti yanayomaliza pumzi. Na Caronte anasema: nimefurahi, lakini huruma sina. Kisha analala usingizi. Nimelifikiria sana jambo hilo. Mtunzi wa opera kubwa ya kwanza anaionyesha nguvu ya muziki, na papo hapo anaonyesha mahali inapokomea. Orfeo anavuka kwa sababu mlinzi kasinzia. Baadaye, njiani kurudi, anasikia kishindo nyuma yake, anageuka alipokatazwa kugeuka, na Euridice anampotea mara ya pili.

Miezi saba baada ya onyesho lile, Septemba 1607, Claudia, mke wa Monteverdi, alifariki. Alikuwa mwimbaji. Monteverdi alikuwa kwa baba yake Cremona, na kabla hajatua pumzi akaitwa arudi Mantua: kuna arusi nyingine ya ukoo, inatakiwa opera mpya. Akaandika Arianna, kisa cha mwanamke aliyeachwa kisiwani na mpenzi wake. Aliyepangwa kuimba nafasi hiyo, binti Caterina Martinelli, alikuwa amelelewa nyumbani kwa Monteverdi akifundishwa kuimba. Machi 1608, mazoezi yakiendelea, akafa kwa ndui. Alikuwa na miaka 18. Onyesho lilifanyika mwaka uleule, mwimbaji mwingine akichukua nafasi, na aliyeandika taarifa za sherehe alisema hapakuwa na mwanamke ukumbini ambaye hakutokwa na machozi. Muziki wa Arianna wote umepotea isipokuwa ombolezo lake, linaloanza kwa maneno "niacheni nife". Siwezi kulisikiliza nikasahau waliokufa nyuma yake.

Hadi hapo opera ilikuwa ya majumba ya watawala. Uliingia kwa mwaliko. Mwaka 1637, Venice, nyumba ya michezo ya San Cassiano, mali ya ukoo wa Tron, ilifungua milango kwa yeyote mwenye pesa ya kiingilio. Naliona hilo kuwa jambo kubwa sawa na kuzaliwa kwenyewe. Watu walinunua tiketi, walinunua na vijitabu vyenye maneno ya opera, libreto, wakavisoma gizani kwa mishumaa midogo. Nakala zilizobaki bado zina matone ya nta. Yule Galilei aliyetaka maneno yasikike angefurahi kuona watu wanaunguza vidole ili wasipitwe na ubeti. Monteverdi, mzee sasa, mjane aliyekwisha kuwa padri, aliwaandikia watu hao wa Venice opera yake ya mwisho, L'incoronazione di Poppea, mwaka 1643, ambamo waovu wanashinda na kuimba wimbo mtamu kuliko yote. Akafa Novemba mwaka huohuo.

Karne iliyofuata siipendi kwa moyo wangu wote, na sababu yake nitaisema. Ulaya nzima iliwashangilia waimbaji waliohasiwa wakiwa wavulana ili sauti zao zisivunjike. Katika nchi zilizotawaliwa na Papa wanawake walikatazwa kupanda jukwaani, na kila mahali sauti ya juu yenye mapafu ya mwanamume ilikuwa dhahabu. Familia maskini zilimtoa mtoto kwa matumaini, na kwa kila Farinelli aliyefika kumwimbia mfalme wa Hispania walikuwapo wengi waliobaki na jeraha na sauti isiyokuwa na mnunuzi. Wa mwisho kusikika, Alessandro Moreschi, alirekodiwa Roma mwaka 1902 na 1904. Nimemsikiliza mara moja. Ni sauti ya mzee na mtoto ndani ya koo moja. Nyimbo nzuri za enzi ile bado zinaimbwa, leo na wanawake au wanaume wenye kutumia sauti ya juu, na nazisikiliza. Lakini sitaki kuzisikiliza bila kukumbuka zilitungwa juu ya miili ya nani.

Nilipata kuiona opera kwa macho yangu mara moja tu. Nilikuwa Vienna kwa mafunzo ya kikazi ya wiki tatu. Jumba la Opera la Taifa huuza tiketi za kusimama kwa bei nafuu. Unapanga foleni, unaingia, na mahali pako unapawekea alama kwa kufunga kitambaa kwenye chuma cha kuegemea. Wenzangu walifunga skafu za sufu. Mimi nilifunga mtandio wangu, na hakuna aliyeugusa. Jumba lilifunguliwa tarehe 25 Mei 1869, likapigwa mabomu Machi 1945 sehemu yake kubwa ikateketea, likafunguliwa tena Novemba 1955. Jioni ile walikuwa wakionyesha Le nozze di Figaro ya Mozart, opera iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika mji huohuo tarehe 1 Mei 1786.

Kitu cha kwanza kilichonishika ni kwamba hakuna kipaza sauti. Mwanamke mmoja amesimama mbali, mbele yake kuna orkestra nzima shimoni, nami niko juu kabisa karibu na dari, na sauti yake inanifikia kana kwamba amesimama bega kwa bega na mimi. Baadaye nilisoma sababu. Nguvu kubwa ya orkestra iko kwenye mitetemo ipatayo 500 kwa sekunde. Mwimbaji aliyefunzwa kwa miaka, hasa asiyeimba sauti ya juu kabisa, hulipanga koo na kinywa chake hata nguvu ya sauti ikusanyike karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, pale ambapo orkestra ni dhaifu na sikio la binadamu ni kali. Hashindani na ala kwa kelele. Anapita penye nafasi.

Kisa cha Figaro ni cha mtumishi na mchumba wake Susanna, na bwana wao, Mtemi Almaviva, anayetaka kumpata Susanna kabla mumewe hajampata. Mchezo wa kusemwa uliozaa opera hiyo, wa Mfaransa Beaumarchais, Kaisari Joseph II alikuwa ameuzuia usionyeshwe jukwaani Vienna. Mshairi Lorenzo Da Ponte aliupunguza siasa, akapewa ruhusa. Alichobakiza kinatosha. Mwisho wa sehemu ya pili muziki unakwenda kama dakika 20 bila kukatika: mume na mke wanagombana, anaongezeka Susanna, anaongezeka Figaro, anaingia mtunza bustani aliyelewa, mpaka mwisho wanakuwa saba wanaoimba kwa pamoja, wanne upande huu na watatu ule, kila mmoja na lake. Ni kile hasa alichokichukia Vincenzo Galilei, sauti nyingi juu ya maneno mbalimbali. Lakini sasa tumekwisha kumjua kila mmoja, na tunasikia si mchafuko, tunasikia nyumba yenye ugomvi. Watu wa Vienna walivipenda vipande hivyo hata wakawa wanadai virudiwe, onyesho likawa haliishi, na Kaisari akaamuru nyimbo za zaidi ya mtu mmoja zisirudiwe. Nani kati yetu aliyekaa kwenye taarab asiyeijua hali hiyo? Ubeti umemgusa mtu, anainuka kwenda kumtunza mwimbaji, na mwimbaji anaurudia kwa sababu mwenye uchungu wake amejitokeza.

Kisha mwisho kabisa. Mtemi amenaswa mbele ya watu wote, anapiga magoti, anamwomba mkewe msamaha kwa maneno machache. Mkewe anajibu kwamba yeye ana moyo mwepesi kuliko wake, na anasema ndiyo. Imeandikwa hivyo tu. Ukiisoma kitabuni utaona mume mkorofi ambaye kesho atarudia. Muziki hausemi hivyo. Muziki unatua, unapanuka, wote jukwaani wanaupokea taratibu kama watu walioingia mahali pa ibada, na kwa muda wa pumzi chache msamaha ule ni wa kweli. Mama mmoja wa Kiaustria aliyesimama kushoto kwangu alikuwa akilia bila kujificha. Nami pia.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi ya sanaa hii kwa namna nisiyoweza kuielewa kwenye kompyuta. Maneno "nisamehe" na "ndiyo" huchukua sekunde mbili. Maneno "amekufa" huchukua moja. Kinachotokea ndani ya mtu kwa maneno hayo kinachukua miaka, na maisha hayatupi nafasi. Vitumbua vinaungua, mtumbwi unangoja, kuna sanda ya kununua. Opera inaichukua ile sekunde na kuipa urefu wake wa haki.

Giuseppe Verdi, mtunzi wa Kiitaliano wa karne ya 19, alilijua hilo kuliko wote. Kati ya 1838 na 1840 aliwazika watoto wake wawili na mkewe, na ukisikia baba anavyoimba na binti yake katika opera zake utadhani hakuacha kuwazungumzia. Katika Rigoletto, iliyoonyeshwa Venice Machi 1851, kuna wimbo wa watu wanne: ndani ya nyumba mtawala mwasherati anamtongoza mwanamke, na mwanamke anacheka, nje, ukutani, binti aliyedanganywa na mtawala huyo anasikiliza moyo ukipasuka, na baba yake anaapa kisasi. Tamaa, kicheko, kilio na hasira, kwa wakati mmoja, na hakuna kinachokifunika kingine. Mwandishi akijaribu kwa maneno matupu itabidi awapange foleni. Kisa kilitoka kwa Victor Hugo, ambaye mwovu wake alikuwa mfalme wa Ufaransa. Wakaguzi wa Venice wakakataa, na Verdi akambadilisha kuwa Mtemi wa Mantua, kwa kuwa ukoo wa Gonzaga ulikuwa umekwisha kutoweka, asibaki wa kukasirika. Ndiyo Mantua ileile ambako yule mjumbe wa Monteverdi aliingia na habari yake.

Na ni Rigoletto iliyoonyeshwa lilipofunguliwa jumba la opera la Kairo. Khedive Ismail, mtawala wa Misri, ndiye aliyelijenga, likafunguliwa tarehe 1 Novemba 1869, mwaka uleule wa lile la Vienna, majuma machache kabla ya Mfereji wa Suez. Wengi hudhani lilifunguliwa kwa Aida. Aida haikuwapo bado. Verdi aliiandika baadaye kwa malipo ya faranga 150,000. Mavazi na mapambo yake yakanaswa Paris mji ulipozingirwa na jeshi la Prussia, na onyesho likafanyika tarehe 24 Desemba 1871. Verdi hakwenda. Jumba lenyewe liliteketea kwa moto Oktoba 1971.

Kairo hiyohiyo ya Ismail ilikuwa na sauti nyingine. Abdu al-Hamuli alikuwa akiimba kwa udi, kanuni na fidla, wasikilizaji wakimrudisha kwenye neno moja usiku kucha. Na wasimulizi wa taarab wa Unguja husema kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Kairo kujifunza kupiga kanuni, na mbegu hiyo ndiyo iliyoota mpaka kikaanzishwa chama cha Ikhwani Safaa mwaka 1905. Sisemi taarab ni mtoto wa opera; si hivyo. Nasema kwamba wakati fulani mji mmoja ulikuwa na njia mbili za kulipa neno muda wake, na moja ya njia hizo ilishuka pwani hadi kwetu, ikaingia kinywani mwa Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi kwa Kiswahili.

Mwaka jana nilikwenda Bweni. Bibi mdogo bado yupo. Macho yamepungua, masikio hayajambo. Jioni nilikaa naye barazani nikamwekea simu karibu na sikio, nikampigia kile kipande cha sehemu ya pili, bila kumwambia chochote. Kiitaliano hakijui hata neno. Alisikiliza mpaka Silvia alipofika kwenye lile neno, akaniwekea mkono gotini.

"Nani kafa?"

"Mke wa mtu, bibi. Siku ya arusi yake."

Akasoma dua kidogo kwa midomo. Muziki ukaendelea, Silvia alikuwa amefika pale anaposema kwamba ulimi wake ndio ulioleta kisu, kwamba sasa anachukiza kwa wachungaji na kwa nafsi yake, ataukimbia mchana kama ndege wa usiku.

"Na huyo aliyeleta habari," akauliza bibi mdogo, "walimpa maji?"

"Hapana, bibi. Alikwenda kujificha pangoni peke yake."

Akatikisa kichwa, akaniambia nizime kwanza, adhana imekaribia.